Mnara Unaotunza Upepo wa Jana

Wadogo zangu mliobaki kule kilimani, mmenisumbua niandike, haya, nimekaa kibarazani hapa Uyole, malori yanapita, na muda ninao. Habari za vyeo sitaandika. Kila cheo nilichopewa kilinisogeza mbali na moto na kuniweka karibu na kiti, na kiti hakina la kusimulia. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za chuma, za maji, na za gesi moja niliyopigana nayo tangu ujana wangu, halafu mwishoni wakaja kuniambia niijengee nyumba.

Mnaniita Mzee Sabuni, na wengine wenu mnadhani ni kwa ajili ya usafi. Mke wangu alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini. Jina lilitokana na ndoo yangu ya povu na brashi. Kila mshono niliochomelea kwenye tanki au bomba niliupaka povu, nikainama kutafuta kama kuna kipovu kinachokua. Kikikua, hewa inatoka, unarudia kazi. Hakuna kifaa rahisi kuliko hicho na hakijawahi kunidanganya, ingawa kuna mambo hakiwezi kuyaona, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kazi niliianzia Iringa mjini, kwenye karakana ya Mzee Kantilal. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale Iringa, na Kihehe chake kilikuwa kizuri kuliko changu kwa mbali, maana mimi ni Msafwa na mpaka leo nikiwasalimia "kamwene" watu wa kule wanatabasamu kwa huruma. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jipya, nikitegemea kupewa mashine. Akanielekeza kwenye friji kuukuu lililokuwa kona ya karakana, akasema nilete rodi za kuchomelea. Nilifungua nikingoja baridi, na kusema kweli nilitumaini kuna soda. Joto likanipiga usoni. Ndani ilikuwa inawaka balbu, na rodi zimepangwa kwenye rafu kwa ukubwa wake.

"Mzee, hili friji linapasha moto."

"Ndiyo kazi yake. Lilikufa zamani, mimi nikaliajiri upya." Akachukua rodi moja, akaishika kwa kitambaa. "Kijana, kwenye kazi hii unaogopa nini?"

"Moto, Mzee."

"Moto unauona. Wewe ogopa maji. Umande wa asubuhi, jasho la kiganja chako, mvuke kidogo tu kwenye ganda la rodi. Ukichomelea, moto unayapasua maji, inatoka gesi inaitwa haidrojeni. Inaingia kwenye chuma kikiwa bado kimeyeyuka. Huioni, hainuki, haipigi kelele. Inakaa humo inangoja chuma kipoe."

"Halafu?"

"Halafu utanisimulia wewe mwenyewe."

Sikuelewa. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kulinda friji lile. Vijana wenzangu walikuwa wanarusha cheche, mimi naangalia balbu kama haijaungua. Nilikasirika, sikatai. Nilijiona nimetoka Uyole kuja kuwa yaya wa friji.

Tulipokwenda Mufindi kutengeneza boila la kiwanda kimoja cha chai ndipo nikaelewa. Kule ukungu unaingia mpaka mfukoni. Rodi zetu zilikaa chini ya turubai asubuhi nzima kwa sababu umeme wa kuwasha balbu ulikatika, na kaka mmoja wa karakana alizitumia hivyohivyo akitaka kumaliza mapema. Mshono ulitoka mzuri ajabu. Nilipaka povu, hakuna kipovu. Tukaanza kufungasha vyombo. Mzee Kantilal akaomba chai, akavuta ndoo akaigeuza, akakaa kando ya boila. Tulimwuliza tunangoja nini. Akaweka kidole mdomoni.

Tukakaa kimya, watu wazima, tumelizunguka boila. Chai yake ilipoa. Chuma nacho kilipoa. Kisha nikasikia sauti ndogo sana, tik, kama ukucha uliogonga kikombe. Baada ya muda, tena, tik. Hakuna aliyekuwa ameligusa.

"Haya," akasema Mzee Kantilal, "nisimulie."

"Inatoka, Mzee," nikasema. "Inapasua chuma ili itoke."

"Inayo haraka gani? Inaweza kutoka leo, inaweza kutoka keshokutwa, wewe ukiwa umeshalala kwako na mtu mwingine amesimama mbele ya boila akikoleza kuni." Akamwaga chai iliyopoa, akasema turudie mshono wote. Hakumgombeza yule kaka. Alimpa tu kazi ya kulinda friji, nami nikapewa mashine.

Tangu siku hiyo nikawa na desturi hiyo ya kukaa na kazi yangu na kuisikiliza baada ya kuimaliza. Nilichekwa sana. Nimekaa kusikiliza mabomba ya mashine za kukoboa mpunga, nimesikiliza matela ya maji, nimesikiliza mlango wa tanuri la mkate. Kule Usangu mzee mmoja wa Kisukuma, aliyehamia na mifugo yake kutoka kaskazini, alinikuta nimetega sikio kwenye tanki la kunyweshea ng'ombe wake. Akauliza kuna nini humo. Nilimweleza. Alifikiri, akasema na yeye hukaa hivyo karibu na ng'ombe anayekaribia kuzaa, kwa sababu pumzi inasema kabla ya tumbo. Akaagiza niletewe kigoda na maziwa. Huyo ndiye mteja pekee ambaye hakuniona nimechanganyikiwa.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee Kantilal alifariki, karakana ikafungwa, nami nikawa mkaguzi wa mishono, mtu wa kuitwa kwenye kazi za wengine. Nilikuwa nimeanza kuhesabu siku za kustaafu aliponipigia simu Injinia Mahenge, mtu wa Njombe, mpole, mwenye tabia ya kumaliza sentensi zake zote. Akasema kuna mradi wa majaribio juu ya kilima, mbele ya Nyololo kidogo, na angependa nije nione kabla hajaniambia chochote.

Nilikuta msingi mkubwa wa zege na kijiji chini yake. Wanakijiji walishaambiwa kwamba litasimamishwa pangaboi la kuzalisha umeme, na jina hilo la pangaboi halikubanduka tena hata kwa wataalamu. Injinia akanionyesha zahanati yenye bati jekundu.

"Upepo ukivuma, pale watakuwa na umeme," alisema. "Usipovuma, mama anajifungulia kwenye mwanga wa simu. Umeme wa upepo hauhifadhiki kwa urahisi. Kwa hiyo upepo ukizidi tutautumia kupasua maji, tutoe haidrojeni, tuiweke akiba. Upepo ukikatika, kuna mtambo mdogo utakaoirudisha gesi hiyo kuwa umeme, na kinachobaki ni maji."

"Mtaiweka kwenye mitungi?"

"Tutaiweka ndani ya mnara wenyewe. Mnara ni bomba kubwa la chuma lililosimama, na ndani ni wazi. Tunafunga sehemu ya chini kwa vifuniko viwili, kimoja chini, kimoja juu, na katikati tunapitisha bomba la upana wa mtu lenye ngazi, ili fundi aweze kupanda kwenda kwenye mashine. Gesi itakaa kati ya bomba hilo na ukuta wa mnara."

Nilivua kofia. Wanaonifahamu wanajua nikivua kofia si dalili nzuri.

"Injinia, hiyo gesi nimeikimbia tangu nina nywele."

"Ninajua. Wanaoijua ninao wa kutosha," alisema. "Nataka na mmoja anayeiogopa."

Nilikubali palepale, na nyumbani nilisema nitafikiria.

Vipande vya mnara vilikuja kwa barabara, vikipandishwa mlima Kitonga taratibu mpaka madereva wakaanza kusali kwa sauti. Nilitumwa kuvipokea Ilula kwa sababu lori moja lilihitaji kuangaliwa kama mikanda haijakwaruza chuma. Nilipofika nilikuta akina mama wauza nyanya wameshaingia ndani ya kipande kile kikiwa juu ya trela, wamepanga ndoo zao kivulini na wanawaita abiria wa mabasi. Sauti zao zilikuwa zinatoka nene, za kutisha, kama tangazo la serikali. Dereva alinilalamikia. Nilimwambia awaache mpaka tumalize ukaguzi, kwa sababu nami nilitaka kuingia. Nikasimama katikati ya nyanya nikatazama ule ukuta wa chuma ulivyozunguka juu ya kichwa changu, mnene, safi, hauna ufa, na nikajisikia mdogo kwa namna ya kufurahisha. Mama mmoja aliniuliza hiki ni kitu gani. Nikamwambia ni ghala la upepo. Akasema, "Haya baba, nunua nyanya."

Kwenye mradi nilimkuta Atupele, fundi umeme, mwanamke wa Tukuyu mwenye watoto wawili aliowaacha kwa mama yake. Aliacha kazi ya uhakika ya kufunga nyaya majumbani Mbeya ili aje kwetu, kwa sababu mradi ulitafuta mtu mmoja wa kuutunza mtambo baada ya sisi kuondoka, na yeye ndiye aliyechaguliwa. Maana yake kila wiki angepanda lile bomba la katikati, peke yake, akiwa amezungukwa na haidrojeni pande zote. Asubuhi alikuwa ananiamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, babu," nami namjibu Kisafwa kwa makusudi, naye anacheka. Nilimpenda kwa maswali yake. Hakuuliza ili aonekane.

Siku moja, jua la mchana likiwa kali, Injinia alitukusanya uwanjani kutuonyesha hiyo gesi ikiwaka. Alikuwa na mtungi mdogo na kijibomba chembamba cha shaba. Aliwasha, akasogea nyuma.

"Mnaona moto?"

Hatukuona kitu. Mimi nilidhani kiberiti kimekataa. Akachukua fagio la chelewa, akalinyoosha mbele yake na kutembea polepole kuelekea kwenye kile kijibomba. Fagio likashika moto hewani. Hapakuwa na kitu pale, jamani. Hewa tupu, na fagio linaungua. Fundi mmoja alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Injinia akasema hivyo ndivyo tutakavyotembea tukihisi kuna uvujaji na vipimo vimegoma, fagio mbele, mtu nyuma, kwa sababu moto huu mchana hauonekani.

Atupele akaliomba fagio lingine. Alilinyoosha, akaenda, likawaka, akarudi akalizima mchangani.

"Sasa nimeshauona," alisema.

Niseme wazi jinsi nilivyojisikia, maana vijana mnadhani wazee hatushangai. Nimeishi na gesi hii kama adui wa kwenye rodi, kidogo kidogo, kiasi cha umande. Siku ile niliielewa kwa mara ya kwanza kama kitu kizima. Ni nyepesi kuliko chochote, imefichwa ndani ya maji tunayooga, inawaka bila kuonekana, na ikimaliza kuwaka inageuka kuwa maji tena. Nilikwenda kukaa peke yangu nyuma ya stoo. Sikuwa naogopa tu. Nilikuwa kama mtu aliyegundua kwamba jirani anayegombana naye miaka yote ni mfalme.

Ikaja kazi ya kufunga kifuniko cha chini. Huo ndio mshono mnene kuliko yote, unaobeba mzigo wa gesi, na bomba la ngazi linapita katikati ya kifuniko hichohicho. Ulikuwa msimu wa baridi, na baridi ya Mufindi mnaijua. Mafundi walikuwa ndani ya mnara wamelala ubavu juu ya chuma, nje ukungu haukuachia. Chuma kilipashwa moto kabla ya kuchomelewa. Rodi zilikaa kwenye oveni ya kiwandani yenye kipimo cha joto, sio friji tena, na mafundi walichukua chache chache. Kwenye kibanda cha oveni niliandika kwa rangi: RODI KAVU TU. Mimi siku hiyo nilitumwa Iringa mjini kufuata mitungi ya gesi ya kupashia chuma, nikachelewa barabarani.

Niliporudi mshono ulikuwa umekwisha. Ulikuwa kazi ya kujivunia. Muda uliowekwa wa kungoja chuma kipoe ulipopita, mtaalamu wa kupima kwa mawimbi ya sauti alikuja na mashine yake, akaupima mzunguko mzima, akasema safi. Alipanga kurudi kupima mara ya pili sehemu chache alizozichagua, kama utaratibu unavyotaka, kabla ya kujaza maji na kupima nguvu.

Asubuhi moja, kwenye yale mazungumzo ya kabla ya kazi, ilikuwa zamu yangu kuzungumza. Nikawasimulia habari ya boila la chai. Nilisimulia vizuri, nikaigiza Mzee Kantilal na kikombe chake, watu wakacheka sana. Nilipofika kwenye ile tik, nilimwona Atupele hacheki. Alikuwa ameangalia chini.

Tulipotawanyika alinifuata mpaka stoo.

"Babu, mvuke wa chakula nao ni maji?"

"Mvuke wote ni maji. Kwa nini?"

Akakaa juu ya mtungi mtupu. "Siku ile ulipokwenda Iringa, niliwapikia kande. Mafundi walikuwa wanatoka ndani ya mnara wanatetemeka, wanakuta chakula kimeganda. Nikaiweka sufuria kwenye oveni, rafu ya juu, nikaifunika. Ilikaa kutoka chai ya asubuhi mpaka mchana. Walifurahi sana, babu. Mmoja alisema hajala chakula cha moto tangu aje."

"Na rodi?"

"Zilikuwa rafu ya chini. Mchana walichomelea kwa hizohizo." Akainua macho. "Niliona pana joto. Nikadhani penye joto ni pakavu."

Hapo nikapandwa na hasira, na mimi hasira zangu mnazijua. Nilimwuliza kama hasomi. Nilimwuliza kama kwao Tukuyu kande hupikwa bila maji. Nilisema maneno mengine ambayo hayana haja ya kuandikwa. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Mafundi hawakujua walichokuwa wanafanya, na mimi pia. Lakini mimi sasa ninajua. Twende kwa Injinia."

"Unajua kanuni? Anayechezea vifaa vya kuchomelea anatoka getini."

"Ninajua."

"Una watoto."

"Ndiyo, babu. Nao wanataka nishuke kila nikipanda."

Hasira yote ilinitoka. Wadogo zangu, nimefanya kazi na watu wengi. Mshono ule ulishapimwa ukaonekana safi, na hakuna mtu aliyemshuku. Angenyamaza, kazi ilikuwa yake. Nilimtazama pale juu ya mtungi, amevaa koti kubwa la kuazima, nikamwogopa kidogo, kama tunavyoogopa kitu kikubwa.

Injinia Mahenge alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza saa ya kuweka sufuria na saa ya kuitoa, akauliza ni upande gani wa mshono uliochomelewa mchana ule. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa oveni ilikuwa chini yangu.

"Kanuni inasema aondoke, Mzee. Wewe unasemaje?"

"Kanuni ni nzuri," nikasema. "Lakini humo ndani atapanda mtu kila wiki na kutuambia alichokiona. Mimi namtaka huyu."

Atupele alikuwa amesimama, mikono nyuma, akiangalia ukutani, na nilijua anafikiria basi la kurudi Tukuyu.

"Kanuni iliwekwa kwa anayeficha," Injinia alisema hatimaye. "Na kuhusu baridi, mimi ndiye niliyepaswa kuweka mahali pa kupashia chakula. Atabaki. Upande ule tunaukata."

Kukata upande mzima wa mshono wa chuma kinene kwa sababu ya sufuria ya kande si jambo dogo, na kuna waliosema tumechanganyikiwa, kwa sababu karatasi ya vipimo ilisema safi. Tuliukata kwa grainda, tabaka kwa tabaka. Kila tukishuka kidogo tunapaka rangi nyekundu ya kupimia, tunaifuta, tunapuliza unga mweupe na kungoja. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha humo inajichora yenyewe juu ya unga. Atupele alishika taa muda wote. Tabaka la kwanza, jeupe. La pili, jeupe. Nilianza kusikia watu wakiguna nyuma yangu.

Kwenye tabaka lililofuata, unga ulikaa mweupe, ukakaa, kisha ukajichora mstari mwekundu, mfupi kama ukucha wa kidole cha mwisho. Pembeni yake ukatokea mwingine. Ilikuwa kama kumwona mtu akiandika kutoka upande wa pili wa ukuta. Mtaalamu wa mawimbi, aliyekuwa amerudi, alipiga magoti akautazama kwa karibu, akasema nyufa hizi zilizaliwa baada ya yeye kupima, na kwamba sehemu hii haikuwa miongoni mwa zile alizopanga kurudia.

Atupele aliisogeza taa. Bomba la ngazi lilikuwa karibu, mkono ungefika.

"Ningepita hapa," alisema.

"Kila wiki," nikasema.

Tuliuchomelea upya. Rodi nilizilinda mwenyewe, nimekaa mlangoni pa kibanda kama siku zangu za friji, na safari hii sikumwona mtu aliyenicheka. Kando ya uwanja kulikuwa kumejengwa kibanda kingine chenye jiko, na harufu ya maharage ilitoka huko tu. Mshono ulipokwisha niligeuza ndoo nikakaa. Akaja Injinia akakaa. Wakaja mafundi wale waliokula kande, mmoja mmoja, wakakaa kwenye chuma kilichokuwa bado na joto. Atupele aliegemea bomba la ngazi, sikio kwenye ukuta. Tulipokezana siku zote za kungoja. Ndani ya mnara ukimya una uzito wake, unasikia damu yako. Chuma kikapoa, kikapoa kabisa, na hakikusema kitu. Nimesikiliza vyuma vingi, lakini ukimya ule ndio kazi yangu bora.

Mnara ulijazwa maji, ukapimwa kwa nguvu kubwa kuliko itakayobeba, ukasimama. Maji yakatolewa. Mimi nikafikisha siku yangu ya kustaafu, mkanipa ile saa ya ukutani na mbuzi, nikarudi Uyole. Gesi ilianza kuingizwa mimi nikiwa raia.

Injinia alinipigia kuniambia ni siku gani Atupele atapanda kwa mara ya kwanza gesi ikiwa ndani. Nilipanda basi. Nilifika jioni, jua linaelekea kuzama, na upepo ulikuwa umekatika kabisa. Pangaboi limesimama, mabawa yake hayatikisiki. Nilimkuta mlangoni mwa mnara amevaa mkanda wa kupandia. Akaniamkia, nikamwitikia Kinyakyusa, vibaya. Akaingia.

Injinia alinipa redio. Tulisikia buti zake kwenye ngazi, ngazi kwa ngazi, zikipanda katikati ya gesi ile niliyoiogopa maisha yangu yote. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa nje. Upande wa pili wa chuma hicho ulikuwepo upepo wa jana na wa juzi, umetulia, na katikati yake mtu anapumua. Buti zikafifia. Halafu sikusikia kitu. Niliisogeza redio sikioni.

Redio ikakwaruza.

"Babu, nimefika. Nimefungua mlango wa juu." Alikuwa anahema. "Huku juu hakuna upepo hata kidogo."

Nilimsikia akisogea.

"Babu. Taa za zahanati zinawaka."

Niligeuka nikatazama chini kijijini. Madirisha yote ya lile jengo la bati jekundu yalikuwa na mwanga, na mabawa juu yetu yamesimama kimya. Nilikaa kwenye nyasi, mbele ya mafundi wote, nikalia kwa sauti, na Injinia alinishika bega bila kusema kitu. Nilipoweza kubonyeza kitufe nilikuwa na neno moja tu la kumwambia.

"Shuka polepole, mama."